Bibi Majivu na Doa la Jiko Langu

Alhamisi, saa kumi na moja jioni, Geita. Mvua imepiga kuanzia mchana na sasa imekatika, ila bati bado linadondosha. Nimekaa nje, pembeni ya tangi la maji, kwenye kigoda cha mama mkwe. Mwanangu Limi amelala mgongoni kwangu, nimemfunga vitenge viwili. Kuna kibaridi, na tope limejaa mpaka mlangoni.

Sitaingia ndani.

Nina hasira leo, shajara. Nina hasira na mtu mmoja, halafu nikifikiri vizuri naona ni watu wawili, na wa pili ni mimi mwenyewe.

Mnaopita humu kwenye ukurasa wangu wengi mnanijua kwa mambo ya usafi. Shuleni walimu wenzangu wananiita Madamu Usafi, na jina hilo nimelipenda, sitadanganya. Ndiyo maana hili naliandika hapa hapa, maana na kosa nililifanya hapa hapa, mbele yenu.

Tuanzie kwenye jiko.

Mwezi wa kwanza Baba Limi alirudi nyumbani na boksi begani. Ana hisa kwenye duara moja la wachimbaji wadogo, yaani shimo la dhahabu, yeye na wenzake wanne, na wiki ile duara lilikuwa limetema dhahabu. Wanaume wengine duara likitema wananunua pikipiki, wengine hawaonekani mpaka Jumatatu. Wangu aliniletea jiko la umeme la kioo, pleti mbili, jeusi tii, ukiinama unajiona sura. Nililia. Miaka sita nilikuwa napika kwa mkaa, naingia darasani kucha nyeusi, nikiandika ubaoni watoto wanaziangalia kucha badala ya maneno. Nikamwambia mume wangu Mungu akubariki, na nilimaanisha.

Jiko la kioo halina ugumu, linataka tu ulijue. Usilifute likiwa la moto. Usilimwagie maji baridi, litapasuka. Maziwa yakifurika, zima, subiri lipoe, ndipo ushike kitambaa. Doa likigoma, nyunyiza soda ya kuokea, tia siki kidogo, funika na kitambaa kibichi, nenda kafue nguo mbili tatu, ukirudi utakuta limelegea. Likigoma tena chukua wembe, lakini uulaze, usiusimamishe. Na ugali hausongwi juu ya kioo, jamani. Huku kwetu mtu akisonga ugali anasonga na mabega. Mimi naishusha sufuria chini, naibana kwa miguu, nasonga, ndiyo nairudisha. Haya yote niliyaandika humu na picha nikaweka, mkanipongeza, na nikavimba kichwa.

Mwezi wa tatu akaja mama mkwe kutoka Runzewe, akae na Limi ili mimi nifundishe. Mama ni mrefu, mkavu, si mtu wa maneno mengi. Kiswahili chake kinakatika katikati na Kisukuma kinamalizia. Siku ya pili tu ya kuwa kwetu, narudi shuleni namkuta kasimama mbele ya jiko langu, mkononi ana gunzi la mahindi, pembeni ana kibakuli cha majivu na mchanga. Anasugua! Jasho linamtoka. Akageuka akanitazama kwa furaha.

"Ng'wanone," akasema, yaani mwanangu, "nimekusugulia likatakata."

Lilitakata, ndiyo. Pleti ya kushoto ilikuwa na mikwaruzo ya duara, myembamba, mingi hata huwezi kuihesabu.

Sasa lazima niseme kitu ambacho mwanzo sikukisema. Kwa akina mama wa kwetu, mke anajulikana kwa vitako vya sufuria zake. Zinasuguliwa kwa mchanga na majivu, zinafudikizwa kwenye kichanja nje, vitako vinaelekea njiani ili kila apitaye aone vinavyometa. Nilipoolewa, wiki ile ile ya kwanza, wifi zangu walikuja kuzigeuza sufuria zangu moja moja. Aliyenisifu mbele yao ni mama. Alisema, huyu mtoto ana mikono. Kwa hiyo siku ile na gunzi lake mama alikuwa hajaniharibia jiko kwa ujinga. Alikuwa ananipa heshima kubwa anayoijua, na mimi nililijua hilo vizuri kabisa, maana nimekulia humo humo.

Nikalichukua lile gunzi mkononi mwake nikalitupa nje. Mama si mtoto, alielewa. Tangu siku ile hakuligusa tena jiko langu. Uji wa Limi alikuwa anaupika uani, mafiga matatu na kuni, na mimi nikaona ni kiburi.

Kisha nikaja hapa nikawaandikia. Nikampa jina, Bibi Majivu. Nikaeleza lile gunzi, nikaweka na picha ya mikwaruzo. Mlicheka sana. Sijawahi kupata maoni mengi kama siku ile, na niliyasoma yote mpaka simu ikaisha chaji.

Doa lilianza mwezi wa tano. Pleti ile ile ya kushoto. Duara la kijivu, ukingo wa kahawia, upana wa kifuniko cha kopo, na kulizunguka kuna vidoa vidogo vidogo vya kijivu kama mtu kagusagusa na ncha ya penseli. Nikajua hilo si la maziwa wala si la mafuta ya dagaa. Nikaweka soda, nikaweka siki, likatoka. Baada ya siku tatu likarudi. Nikashika wembe. Likatoka, likarudi. Kwenye ukingo wa kioo, pale wembe haufiki, nikawa natumia ukucha wa kidole cha shahada. Mikono mitupu. Nilikuwa najivunia hata huo ukucha.

Nani yuko nyumbani asubuhi wakati mimi niko shuleni? Mama. Nani ameshaharibu jiko mara ya kwanza? Mama. Hesabu nyepesi, mwalimu akaifanya kichwani, akaipigia vema.

Kumbe Baba Limi naye asubuhi nyingi alikuwepo, maana kule mwaloni, wanakosafishia mchanga wa dhahabu, zamu yake ni ya mchana. Hilo nililijua. Sikuliweka kwenye hesabu.

Halafu kulikuwa na jambo la kumkalisha mtoto nje. Hili lilikuwa linanikera kuliko hata doa. Kila nikirudi namkuta Limi hapa hapa nilipokaa mimi sasa, kwenye tope au kwenye vumbi kutegemea siku, makamasi yanatiririka, na mama pembeni kwenye kigoda chake. Ndani kuna kapeti, kuna feni, kuna katuni. Nikamwambia mama, mtoto akae ndani. Akanijibu nje ni kuzuri. Nikarudia, akanijibu vile vile, nje ni kuzuri. Nikaona mtu mzima kaamua kunipima.

Ndipo ikafika ile jioni. Tulikuwa tunakula, ugali na sato, sisi watatu, Limi yuko mapajani kwa bibi yake. Mchana ule nilikuwa nimefuta doa kwa mara ya ngapi sijui. Nikaweka tonge chini nikasema, mama, naomba useme ukweli, ni wewe unayechoma vitu kwenye lile jiko nikiwa sipo?

Mnasikia nilivyosema? Useme ukweli! Mkwe anamwambia hivyo mama aliyemzaa mumewe, mbele ya mumewe, chakula kikiwa mezani. Kwetu maneno hayo mtu anaitiwa kikao cha ukoo.

Mama hakunitazama mimi. Alimtazama mwanawe. Alimtazama muda mrefu, mkono umesimama juu ya sahani. Baba Limi alikuwa anatoa miiba ya samaki. Akaendelea kutoa miiba, mmoja mmoja, anaipanga pembeni ya sahani.

"Ni mimi, ng'wanone," mama akasema. "Unisamehe."

Mwanamke wa miaka sabini na kitu ananiomba mimi msamaha. Na mimi nikamjibu sawa mama, ila isijirudie. Eti isijirudie!

Jumamosi akafunga mzigo wake. Alisema anawahi kuandaa shamba. Baba Limi akampeleka stendi kwa bodaboda, akarudi, mchana kutwa hakula. Nikadhani ana uchungu wa mama yake, nikamchemshia chai ya tangawizi nikambembeleza.

Hiyo ni wiki tatu zilizopita.

Baada ya hapo nani akae na mtoto? Baba Limi akasema mimi nitakaa naye asubuhi, wewe ukirudi naenda mwaloni. Jamani, nilivyomtangaza huyo mwanaume! Chumba cha walimu wote walijua. Humu nikaandika kwamba waume wa namna hii hawazaliwi tena, na mkaniambia nimshike vizuri. Nimshike vizuri. Haya.

Mama naye hakuacha. Kila siku saa nne, wakati wa mapumziko, simu yangu inaita. Namsalimia, anaitikia, kisha swali ni moja tu, mtoto yuko nje au ndani? Namjibu ndani, mama, yuko na baba yake. Kisha ananiambia mtoe nje, ng'wanone, mwambie amtoe nje. Nikikata simu nawaambia wenzangu, mkwe wangu anataka mtoto aanikwe kama udaga wa muhogo. Wanacheka, nacheka nao, tunarudi madarasani.

Doa liliendelea kurudi hata mama akiwa Runzewe. Hapo mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikasema ni ile mikwaruzo aliyoiweka, uchafu umeingia ndani ya kioo unajitokeza taratibu. Nikapata namna ya kumlaumu hata akiwa hayupo.

Na pete.

Hili la pete ndilo linanichoma zaidi kwa sababu nafundisha Sayansi darasa la sita. Wiki mbili zilizopita niliona pete yangu ya ndoa imeingia weupe upande mmoja, weupe wa fedha, kana kwamba mtu kaipaka rangi. Nikamwonyesha Baba Limi. Nikamtania kabisa, nikamwambia mchimba dhahabu umenioa na bati? Akaichukua, akaisugua kwenye suruali, akaitazama dirishani, akanirudishia. Akasema ni hayo masabuni yako makali na siki zako, punguza kufutafuta.

Mwanaume huyo anashika dhahabu kila siku ya Mungu. Anajua kitu gani kinaigeuza dhahabu nyeupe. Alijua pale pale dirishani. Na mimi pia najua, nimeshasimama mbele ya watoto hamsini nikawaambia zebaki ni metali ya majimaji na ikigusana na dhahabu inaishika. Nimewaandikia ubaoni. Wamenakili. Nikatoka darasani nikaja nyumbani nikafuta jiko kwa mkono wenye pete.

Leo sasa.

Mvua ilipoanza, bati la darasa letu likavuja mpaka madaftari yakalowa, mwalimu mkuu akaruhusu watoto waondoke mapema. Saa saba na nusu niko nyumbani, nimelowa chapachapa. Mlango wa mbele umefungwa kwa ndani. Nikazunguka uani, nikaingia kwa nyuma.

Dirisha la jikoni limefungwa na pazia limeshushwa, mchana. Baba Limi amenipa mgongo. Kwenye pleti ya kushoto kuna kifuniko cha kopo la maziwa, na juu yake kuna kidonge kidogo, kimeshaanza kuwa cha njano upande mmoja, upande mwingine bado kijivu. Na mtoto wangu amekaa sakafuni miguuni kwa baba yake, anagonga sufuria kwa mwiko, anaimba.

Kwa msioishi huku niwaeleze. Mchanga wa dhahabu ukishasagwa unachanganywa na zebaki. Zebaki inaikusanya dhahabu yote, mnapata kidonge cha kijivu. Kidonge kinachomwa. Zebaki inapaa na moshi, moshi wenyewe mara nyingi huuoni, dhahabu inabaki. Huko kwenye migodi midogo wanachomea nje, kwenye upepo, na hata huko wataalamu wanapiga kelele kila siku waache. Baba Limi alikuwa anachomea jikoni kwangu, dirisha limefungwa, kwenye jiko alilonipa zawadi. Vile vidoa vya kijivu ndiyo zebaki yenyewe, imepanda, imepoa, imeshuka imetua kwenye kioo. Na kama imetua kwenye kioo, imetua ukutani, imetua kwenye vikombe, imetua kwenye nywele za Limi.

Nilimnyakua mtoto nikatoka naye kwenye mvua. Nikampigia kelele mume wangu nikiwa nje na yeye yuko ndani, kupitia mlango wa uani, na majirani naona wamesikia, wasikie.

Akaniambia nipunguze sauti. Akaniambia ni kidogo tu, Mama Limi, si kila siku. Akaniambia mwaloni macho ni mengi, ukichoma pale kila mtu anajua una nini, unafuatwa njiani unapigwa nondo. Akaniambia wazee wetu wamechoma miaka yote na wako hai. Kila moja aliisema kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Nikamuuliza tangu lini. Tangu mwezi wa tano. Nikamuuliza, na mama?

Hapo ndipo aliinamisha macho.

"Alinikuta wiki ya kwanza," akasema. "Alinikataza. Nikamwambia nitaacha."

Basi. Nikaelewa kigoda, nikaelewa tangi la maji, nikaelewa makamasi na vumbi na nje ni kuzuri. Miezi minne mama alikuwa kila akiona mwanawe anashusha pazia anambeba mjukuu anakuja kukaa hapa. Jua, upepo, vumbi, anakaa. Na ile jioni ya sato alimtazama mwanawe ampe nafasi aseme mwenyewe. Mwanawe akachagua miiba. Mama akamfichia aibu yake, akaibeba yeye, akaondoka nayo kwenye basi. Na mimi nikamwondoa mtu pekee aliyekuwa anamtoa mtoto wangu nje ya ile nyumba, nikamweka aliyekuwa anashusha pazia.

Wiki tatu. Limi amekuwa halali vizuri siku hizi, analialia, udenda unamtoka. Nikasema ni meno. Labda ni meno. Sijui.

Niwaambie na hili, halafu mumhukumu mnavyotaka. Mimi nikiwa nalia pale mlangoni, kitu cha kwanza alichoshika Baba Limi si mimi wala mtoto. Alikishika kile kidonge kwa koleo, akakifunga kwenye karatasi, akakitia mfukoni. Ndipo akazima jiko. Kisha akapita mlango wa mbele akaenda zake kwenye mvua, na mpaka sasa hajarudi.

Nilimpigia afisa afya mmoja ninayefahamiana naye. Wakati naongea naye nilikuwa nimeshaingia jikoni tena kufungua madirisha, mtoto nimemwachia jirani, na mkono wangu wa kulia, sijui hata ulikiokota saa ngapi, ulikuwa umeshika kitambaa. Nilikuwa nataka kufuta. Akaniuliza unafanya nini, nikamwambia. Akasema acha hicho kitambaa hapo hapo, usifute, usifagie, usiguse kitu, acha madirisha wazi, utoke, watakuja watu wanaojua kazi hiyo, na mtoto umfikishe hospitali, na wewe ujipime.

Miezi yote hii nalisugua doa hili, na leo ndiyo naambiwa nisiliguse.

Pete niliivua kwa shida, vidole vimevimba kwa baridi. Nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni, iko dirishani kwa nje. Sijui nitaifanya nini na sasa hivi sitaki kujua. Ule ukucha wa kidole cha shahada nimeukata mpaka kwenye nyama.

Kisha nikakaa hapa, nikampigia mama. Simu iliita mara moja tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, ng'wanone." Kisha, bila hata kunihoji mbona napiga mimi leo, "Mko nje au ndani?"

"Nje, mama. Tuko nje. Nimemkuta leo."

Nilisikia kuku kule kwake, nikasikia mtu anapasua kuni. Kisha akashusha pumzi ndefu, akasema wabeja, akasema tena wabeja, yaani asante. Ananishukuru mimi.

Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza kwa kilio mama mbona hukuniambia. Nilitaka na yeye awe na kosa lake kidogo, tugawane. Hakupandisha sauti.

"Ungemwamini Bibi Majivu?"

Jina hilo nyumbani sijawahi kulitamka. Hata Baba Limi sikumwambia. Nimeliandika mahali pamoja tu, humu. Kwa hiyo kuna mtu kule Runzewe, mjukuu au jirani, alimsomea mama neno kwa neno. Gunzi, mikwaruzo, na vicheko vyenu vyote chini yake. Alisomewa, akanyamaza, na bado kila saa nne alikuwa ananunua vocha ananipigia kuuliza mtoto yuko wapi.

Nilisema mama nisamehe, nikasema mara nyingi, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, naye alisema tu mfunike mtoto, kuna baridi huko kwenu mvua ikinyesha. Kisha vocha ikaisha, yangu.

Ile habari niliyomwandika mama humu sitaifuta. Nilitaka, kidole kilishafika. Lakini nikiifuta nitakuwa nimefuta doa tena, na nimechoka. Ibaki, na hii ikae juu yake, anayemsomea mama amsomee na hii. Mlionicheka naye siwalaumu, mlicheka nilichowapa.

Usiku huu tutalala kwa Mwalimu Rehema, chumba kipo. Kesho asubuhi hospitali kwanza, tupimwe wote wawili, na nitasema kila kitu hata wakiniuliza nani alichoma. Tukitoka hapo, basi la Runzewe. Baba Limi akirudi atakuta madirisha wazi na jiko lake, apikie.

Mama kule ana kichanja nje, kinachoelekea njiani, na sufuria zake huwa anazisugua mwenyewe mpaka leo. Nikifika sitaanza na maneno, maneno nimeshayatumia vibaya. Nitamwomba anipe sufuria zake zote, na gunzi, na majivu, nichuchumae hapo nje nizisugue mpaka vitako vimete, kila anayepita aone ni mkwe gani anasugua na anamsugulia nani.

Kama atanipa.